Sahani ya Dengu Tuliyoirudisha

Sisi tuandikao maneno haya ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Kagunga, kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Elimu yetu si kubwa: tulikhitimu Kurani kwa wazee wetu wa Ujiji, tukasoma na shule ya msingi, basi. Umri wetu umepita miaka 50, na muda wote huo tulidhani kuwa mambo ya jikoni hayatuhusu, illa chakula kinapochelewa. Leo tunataka kuwasimulieni khabari ya sahani moja ya dengu. Si chakula cha ajabu. Lakini sahani ile ilitufedhehesha mbele ya nafsi yetu, na huenda katika nyumba za wasomaji wetu iko sahani kama hiyo.

Wenyeji wa ukingo huu wa ziwa wanaukumbuka mwaka 2024. Tangu 15 Mei hata 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa, kwa makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana, maana walikuwa wamepungua sana. Nia ilikuwa njema. Lakini kwa watu wa Kagunga dagaa na mgebuka si kitoweo tu. Ndio fedha ya nguo, ndio fedha ya daftari, na ndio ada ya mwalimu wa chuo. Mitumbwi ilivutwa mchangani, taa za kuvulia zikatundikwa majumbani, na Idi ya Kuchinja ikatukuta katikati ya miezi ile.

Wakati huo binti yetu mkubwa alikuwa amerejea kutoka Maskati, alikokuwa akitumika katika nyumba ya watu kwa miaka 2. Kila alipopata mshahara alitutumia sehemu kubwa. Kwa fedha zile tuliezeka mabati nusu ya nyumba yetu, upande wa mbele. Upande wa nyuma ulibaki nyasi. Naye wakala aliyempeleka alikuwa amekwisha kutupigia simu, akitaka arudi kwa mkataba wa pili. Tulimjibu kuwa in shaa Allah atakwenda baada ya Idi. Binti mwenyewe hatukumwuliza. Tulikuwa tukihesabu mabati.

Jioni moja, baada ya Sala ya Magharibi, tuliketi mkekani kungoja chakula. Binti yetu alikuwa ametoka Kigoma kwa boti siku ile, na katika kikapu chake mlikuwamo dengu, ufuta, malimau, na kichupa kidogo cha mafuta ya zeituni, yale ambayo kwetu watu huyanunua kama dawa ya kifua. Akatuwekea mbele yetu sahani pana. Ndani yake mlikuwa na kitu laini cha rangi ya maziwa yaliyoungua, kimetandazwa kwa mgongo wa kijiko, na katikati kishimo kilichojaa mafuta. Kando yake zilikuwako chapati.

Tukamwuliza, "Mwanangu, hiki ni nini?"

Akajibu, "Ni hummus, Baba. Ni dengu zilizopondwa pamoja na ufuta. Nimekupikia wewe."

Sisi tulikuwa na hamu ya samaki kwa wiki kadhaa, na moyo wetu ulikuwa umekasirika pasipo mtu wa kumkasirikia. Basi tukafanya jambo ambalo mwalimu hapaswi kulifanya: tukaitafuta Aya ya kujifichia. Tukawakumbusha watu wote waliokuwapo khabari ya wana wa Israili katika Sura ya Al-Baqara, Aya ya 61, walivyomwomba Nabii Musa (a.s.) mboga, na matango, na adesi, na vitunguu, wakalaumiwa kwa kutaka kibaya badala ya kizuri. Kisha tukaisukuma sahani, tukasema kwamba hicho ni chakula cha mtoto asiye na meno. Wadogo zake wakacheka. Binti yetu hakujibu neno. Aliiinua sahani kwa mikono miwili, akaenda nayo ndani.

Usiku mama yake alituambia, "Maalim, unajua alikula nini kule miezi ya kwanza?"

Tukasema hatujui. Naye akatusimulia aliyoyapata kwa mwanawe. Katika nyumba ile hakuwa akiwekewa sahani yake. Alikula kilichobaki wenyeji wakisha kula, akiwa amesimama jikoni. Mara nyingi kilichobaki kilikuwa hicho cha dengu, kilichogandamana pembeni mwa sahani, naye alikipangusa kwa kipande cha mkate. Baadaye mama mmoja mzee wa nyumba ile alimwona, akamfundisha kukitengeneza kwa mkono wake, na tangu siku hiyo akaamuru naye awekewe sahani yake kama mtu. "Ndicho kitu cha pekee alichotoka nacho kule ambacho ni chake," akasema mke wetu. "Fedha zote alikupa wewe."

Tulilala chini ya mabati yale, lakini usingizi haukuja.

Alfajiri tuliifungua Kurani tukaisoma tena Aya ile tuliyoifundisha kwa miaka. Tukaona wazi jinsi tulivyoipindua. Waliolaumiwa hawakulaumiwa kwa sababu adesi ni chakula kibaya, bali kwa sababu waliletewa riziki mbele yao, wakasema hawawezi kuivumilia, wakataka ingine. Basi jioni ile ni nani aliyeletewa riziki akaikataa, na ni nani aliyetaka ingine? Aya tuliyomtupia binti yetu ilikuwa imeturudia sisi wenyewe. Tena sisi tunawafundisha watoto kila mwaka kuwa Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa mtu wa kukitia chakula ila.

Na si kwamba hatukupata kuonywa. Mwezi wa Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya watu walikimbia kutoka Burundi wakajaa katika ufuko wetu wa Kagunga, kipindupindu kikazuka, na meli ya Liemba ikawa inakuja kuwachukua kuwapeleka Kigoma. Siku zile tuliona wazee wenye heshima zao wakipokea konzi ya maharage kwa mikono miwili. Tulisimama tukawawaidhi watu wasidharau chakula kamwe. Lakini mawaidha ni mepesi katika kinywa cha mwenye kushiba.

Kulipopambazuka tulimwita binti yetu. Kumwomba radhi mtoto wako si jambo jepesi kwa mzee wa desturi zetu, lakini tulimwomba. Alilia kidogo, kisha akatazama chini. Tukamwambia, "Tufundishe. Leo tutatwanga sisi." Akadhani ni mzaha. Tukamkumbusha kuwa Bibi Aisha (r.a.) ameeleza jinsi Mtume alivyokuwa akiwasaidia watu wa nyumbani mwake katika kazi zao, na kwamba mwanafunzi wa Mtume hawezi kuuonea haya mchi.

Kazi yenyewe tunaieleza kama tulivyoelekezwa, ili na wasomaji waweze kuifanya. Dengu kavu, kikombe 1, huchaguliwa mawe na kulowekwa usiku kucha katika maji mengi, maana hufura hata kuzidi maradufu. Asubuhi maji yale humwagwa, dengu zikatiwa maji mapya na magadi ya kuokea kidogo sana, kiasi cha ncha ya kijiko, ili zilainike upesi. Huchemshwa hata ukiibana moja kwa vidole viwili ipondeke bila nguvu. Hapo si mapema, bali ni saa nzima au zaidi, kwa kadiri dengu zilivyokaa ghalani. Maji ya kuchemshia yasimwagwe yote; kikombe kimoja kiwekwe kando. Kisha dengu husuguliwa polepole ndani ya maji safi, na maganda yakielea huondolewa. Sisi tulitaka kuyaacha maganda kwa uvivu, binti yetu akakataa, akasema ulaini wote uko hapo.

Ufuta, robo ya kikombe, hukaangwa mkavu kwa moto mdogo mpaka unukie tu. Ukigeuka rangi ya kahawa umekwisha haribika, utatia uchungu. Hutwangwa hata utoe mafuta yake na kuwa rojo. Waarabu wauita rojo huo tahini. Ndani yake hutiwa punje 2 za kitunguu saumu zilizopondwa, maji ya malimau 2, na chumvi. Kisha dengu hutiwa zingali na moto, zikatwangwa pamoja, huku maji yale yaliyowekwa yakiongezwa kidogo kidogo, mpaka mchanganyiko uwe laini kama uji mzito. Mwenye mashine ya kusagia atamaliza kwa dakika chache. Sisi, kwa kinu na mchi, tulitoka jasho, na jirani mmoja aliyepita uani akauliza kama mama wa nyumba ni mgonjwa. Mwisho humiminiwa mafuta ya zeituni juu. Na kwa kuwa nyumba yetu haina jokofu, huliwa siku ile ile; kikilala huchacha.

Tulipokuwa tukitwanga, tulimweleza binti yetu jambo ambalo yeye hakulijua: kuwa neno hummus, katika lugha ya Kiarabu, ni jina la dengu zenyewe, wala si jina la upishi. Ni chakula cha watu wa Sham na Misri, na vitabu vya upishi vilivyoandikwa Misri zama za kati vinataja dengu zilizopondwa na kutiwa siki. Naye akatueleza jambo ambalo sisi hatukulijua: kuwa dukani Kigoma aliambiwa dengu zile zimetoka Shinyanga. Kumbe wakulima wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza huzipanda katika udongo mweusi wa mbuga mvua zinapokwisha, na sehemu kubwa ya mavuno huuzwa Bara Hindi. Ufuta nao hulimwa kwa wingi Lindi na Mtwara. Basi chakula tulichokiita cha wageni kimeota katika nchi yetu. Kilichokuwa kigeni ni macho yetu tu. Tena dengu kavu, karibu sehemu moja katika kila tano ya uzito wake ni utomwili, yaani kile kijengacho mwili, ambacho sisi tulikuwa tukikililia katika samaki.

Dengu zilipokwisha, mke wetu alijaribu kwa maharage ya njano, ambayo mkoa wetu wa Kigoma una baraka nayo. Akayaloweka, akamwaga maji, akayachemsha kwa moto mkali mpaka yakaiva kabisa, kwa maana maharage yasiyoiva vema huumiza tumbo. Hayo hayawezi kuitwa hummus, lakini kwa limau na ufuta yalishuka vizuri pamoja na muhogo wa kuchemsha. Ziwa lilipofunguliwa, dagaa wakarudi, lakini sahani ile haikuondoka nyumbani mwetu.

Limebaki neno moja, nalo ndilo kubwa. Siku ile ile tuliyotwanga, tulimwuliza binti yetu swali ambalo lilipasa kuulizwa kabla ya mkataba wa kwanza: "Wewe mwenyewe unatakaje?" Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, ukiniamuru nitakwenda. Lakini ukiniuliza, sitaki." Tulimpigia wakala tukamwambia kuwa hakuna safari. Alitukasirikia, na alikuwa na haki, maana tulimpa ahadi isiyokuwa yetu. Upande wa nyuma wa nyumba yetu hata leo ni nyasi, na mvua za masika zikianza tunahamisha magodoro. Hatusemi kwamba kila aendaye ughaibuni anadhulumiwa; wako waliotendewa wema, na hata yeye alimpata mama yule mzee, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Twasema tu kwamba kwa miaka 2 tulikula jasho la mtoto wetu, wala hatukupata kumwuliza anakula nini.

Basi ndugu zetu wazazi, mwenye mtoto aliye mbali, akimpigia simu asianze na fedha. Aanze na chakula: umekula? umekula nini? umekula na nani? Na mtoto akirejea na chakula asichokijua baba, baba anyooshe mkono na kuonja kabla hajafungua kinywa kunena. Nanyi vijana, msiwafiche wazazi wenu mliyoyapata. Pengine ni wagumu kwa sababu hawajui. Na sisi walimu, tuiogope sana siku ya kuichukua Aya ya Mwenyezi Mungu na kuifanya fimbo ya kumpigia aliye chini yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kushukuru riziki kubwa na ndogo, na atusamehe tuliyowakosea watu wa nyumba zetu. Amin.