Kitunguu saumu, njiwa wa Mandewa na deni langu kwa mama mkubwa

Najua nimeadimika. Nilikuwa nyumbani Singida kwa wiki 2, pale pale Mandewa nilikokulia, na nimerudi na jambo la kuwaeleza. Linahusu kitunguu saumu na njiwa. Msicheke kwanza. Ndani yake kuna deni ambalo nimetembea nalo tangu mwaka 2019, na leo nataka kulipunguza.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Upepo wa Singida mnaujua wale mliofika: unaamka kabla yako. Niko na mswaki mdomoni, mara pua ikashika harufu kali ya kitunguu saumu. Nikadhani mama mkubwa anapika pilau. Lakini pilau saa 1 asubuhi? Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko kidato cha tatu, amechuchumaa mbele ya banda la njiwa na kinu katikati ya miguu, anatwanga.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Unatwanga nini?"

"Dawa ya njiwa. Wiki ijayo wanarushwa kutoka Manyoni."

"Nani kakuambia hiyo ni dawa?"

Akaniangalia kama anayeulizwa jina lake mwenyewe. "Si wewe uliandika kwenye gazeti?"

Ndugu msomaji, mswaki nusura unianguke.

Niwaeleze kwanza huu mchezo. Sisi vijana wa Mandewa tulikuwa na ligi yetu ya njiwa, haina rais wala katiba. Mnaanza karibu: mnawabeba kwenye tenga hadi ziwa Kindai, mnawaachia, mnakimbia kurudi. Mkifika mnawakuta juu ya bati wanawasubiri nyie. Wakizoea mnasogea hadi Ikungi. Mwisho kabisa ni Manyoni, zaidi ya kilomita 100. Hapo inabidi uwe na urafiki na kondakta wa basi. Anawapeleka na tenga lenu, akifika anawafungulia, halafu anabipu. Ukiona bipu, unaandika saa. Kuanzia hapo mnakaa juu ya mawe shingo zimeelekea kusini. Njiwa mzuri, upepo ukiwa upande wake, hupita kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo basi lililomfikisha kule huwa bado halijawaza kurudi. Mshindi analipiwa soda.

Nilipokuwa chuoni nikisomea uandishi wa habari niliwahi kutamba darasani kwamba mimi na Reuter tumeanzia kazi moja. Sikusema uongo! Mwaka 1850 Paul Julius Reuter alitumia njiwa kubeba habari za masoko ya fedha kati ya Brussels, Ubelgiji, na Aachen, Ujerumani, kwa sababu waya wa simu ya maandishi ulikuwa haujaunganisha miji hiyo. Umbali wake haupishani sana na wa kwetu na Manyoni. Tofauti ni kwamba mwenzangu alipata shirika la habari, mimi nilipata soda.

Sasa kitunguu saumu. Hicho tulikirithi kwa bibi. Njiwa akijikunyata, bibi alisaga punje 2 au 3, akazitumbukiza kwenye kopo la maji, akayaacha usiku kucha. Asubuhi wanakunywa. Njiwa hanywi kama kuku, kuku anachota tone na kuinua kichwa. Njiwa anazamisha mdomo na kuvuta kama mtu na mrija, kwa hiyo ukimwekea kitu kwenye maji kinamwingia barabara. Bibi hakuwahi kusema kinatibu ugonjwa gani. Alisema tu "kinawachangamsha". Neno lile ningelishika kama lilivyo, nisingekuwa na deni leo.

Mwaka 2019 nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi. Mhariri anataka makala ya ukurasa wa ufugaji, mimi sina makala. Nikakumbuka bibi. Nikampigia simu mzee mmoja mfugaji, akanieleza habari za kitunguu saumu, jinsi kinavyotibu mafua ya kuku, minyoo, na kideri. Nikaandika vyote. Sikumpigia daktari wa mifugo hata mmoja. Chanzo kimoja, simu moja, makala imekwisha. Kichwa cha habari kikasema kitunguu saumu ni kinga ya kideri kwa kuku na njiwa, na pembeni wakaweka picha yangu ndogo. Nilijisikia mtu!

Mama mkubwa aliikata ile makala na kuibandika ukutani sebuleni. Kijana wetu kaandika, bwana. Wageni wakija wanaonyeshwa.

Wakati huo alikuwa na kuku wa kienyeji 31. Kwa mtu wa mjini kuku 31 ni kitoweo, lakini kwa mama wa Singida ni benki. Kuku wetu wanapandishwa mabasi kwenda Dar es Salaam na Dodoma, na ada nyingi za shule zimetoka kwenye matenga hayo. Wa mama mkubwa walikuwa wanalelewa kwa kazi moja: kumpeleka binti yake chuo cha uuguzi. Zamu ya chanjo ilipofika, mama mkubwa akaona hela ya chanjo inunue mashudu ya alizeti. Kuna haja gani, wakati mwanangu kaandika kinga iko jikoni?

Kiangazi hicho kideri kikapita Mandewa. Kwa wiki moja wakafa 27. Kila asubuhi alikuwa anatwanga kitunguu saumu, anawanywesha mmoja mmoja, na kila jioni anachimba shimo. Dada yangu akachelewa chuo mwaka mzima.

Nilipopigiwa simu nilitafuta maneno sikuyapata. Mama mkubwa ndiye aliyenifariji mimi: "Usijisumbue, mwanangu. Ulikuwa hujui." Jamani, kuna maneno ya upole yanayouma kuliko tusi. Nilikuwa sijui, ni kweli, lakini niliandika kama ninayejua. Nilimwomba mhariri tuchapishe masahihisho, akaniambia hiyo habari imeshapoa. Nikanyamaza. Kunyamaza huko pia ni sehemu ya deni.

Basi turudi bandani. Nikamuuliza mdogo wangu, hujui kilichowapata kuku wa mama? Akasema, "Najua. Kwa kuku kilishindikana. Lakini hawa ni njiwa, kaka. Na huyu mmoja anaumwa, nimempa mara mbili." Akanionyesha jike mweupe ndani ya boksi. Shingo imepinda, kichwa kinatazama juu kama anayehesabu nyota. Akidonoa mtama, mdomo unaangukia pembeni. Na hatua chache kutoka pale, kuku wa mama mkubwa, waliokuwa wameanza tena kujaa uani, wanakunywa kwenye beseni lile lile la njiwa.

Safari hii nilipiga simu kwanza. Bwana mifugo akaja na pikipiki yake. Akasema kwa macho hawezi kuapa, maabara ndiyo inayosema, ila shingo ile inamtia wasiwasi. Kirusi cha kideri kina ndugu yake anayependa njiwa, naye huwashika kwenye mishipa ya fahamu hadi wanapinda shingo. Na huyo ndugu anaweza kuhamia kwa kuku. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1984 Uingereza ilipata mlipuko wa kideri kwenye mashamba ya kuku, na chanzo kilikuwa chakula cha kuku kilichochafuliwa na njiwa wagonjwa kwenye maghala ya bandari ya Liverpool. Fikiria. Bandari nzima, na sisi tuna beseni moja.

Nikamuuliza waziwazi: kitunguu saumu kinafanya nini hasa? Akacheka, akasema kina kazi yake, nyie waandishi ndio mnakipa cheo kisicho chake. Na kweli. Punje nzima imetulia. Ukiisaga, vitu viwili vilivyotenganishwa ndani yake vinakutana na kutengeneza alisini, ambayo ndiyo ile harufu kali. Mwanakemia Chester Cavallito na mwenzake waliitenga mwaka 1944 huko Marekani, wakaona inaua bakteria kwenye vyombo vya maabara. Ndiyo maana bibi alisaga, hakuchemsha. Ukichemsha kitunguu kizima, moto unaharibu kimeng'enya kinachoitengeneza. Lakini kuua bakteria kwenye chombo cha maabara ni jambo moja, na kuzuia kirusi ndani ya mwili wa kuku ni jambo jingine kabisa. Na kikizidi kina madhara: kwa mbwa na paka inajulikana kwamba vitunguu vikizidi huharibu chembe nyekundu za damu. Ukisikia mtu anasema "ni cha asili, hakina madhara", muulize na sumu ya nyoka imetoka kiwandani?

Halafu akaniambia jambo ambalo ndilo nililokusudia kuwaletea leo. Wazungu wa mbio za njiwa, wale Wabelgiji ambao njiwa wao New Kim aliuzwa kwa euro milioni 1.6 mwaka 2020, wengi wao kitunguu saumu wanakitumia. Wanakiweka kwenye maji kama bibi yangu! Lakini Ubelgiji, kama Uingereza, njiwa haingii mashindanoni bila chanjo ya ugonjwa huu. Kwanza sindano, kitunguu baadaye. Sisi tulichukua kitunguu, sindano tukaiacha. Na mimi ndiye niliyeiacha, kwa kalamu yangu.

Kwa kuku wa kienyeji mambo ni rahisi kuliko nilivyodhani. Chanjo iitwayo I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA. Mbegu yake ilitoka Australia, na sifa yake kubwa ni kuvumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani, kwa hiyo inafika hata kijijini kusikokuwa na umeme, ingawa bado inataka kivuli na ubaridi. Tone 1 kwenye jicho 1, kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, unarudia kila baada ya miezi 3 au 4. Unamchanja aliye mzima. Aliyekwisha ugua chanjo haimponyi, na hata mzima anahitaji kama wiki 2 kinga ijijenge. Hakuna muujiza hapo. Ni kalenda tu.

Siku ile ile tukatenga beseni, banda likafagiliwa, jike mweupe akabaki peke yake, na mbio za Manyoni zikaahirishwa. Mdogo wangu alinuna siku 2. Hakuna kijana anayependa kuambiwa njiwa wake hawasafiri. Lakini tenga moja lenye ugonjwa linaambukiza njiwa wa kila nyumba inayoshindana. Kuku wazima wakachanjwa. Mimi nilishika, bwana mifugo akadondosha, mama mkubwa akahesabu. Chanjo nililipa mimi. Ada ya mwaka ule sijailipa bado.

Siku ya kuondoka, jike mweupe alikuwa anaanza kulenga mtama, mara 3 anakosa, ya 4 anapata. Mdogo wangu akanikonyeza: "Unaona saumu?" Nikataka kubishana, nikakumbuka bwana mifugo alichosema, kwamba njiwa wengi wa aina ile hupata nafuu wenyewe ndani ya wiki kadhaa wakilishwa na kunyweshwa vizuri. Hivyo ndivyo dawa zinavyopata sifa: mgonjwa alikuwa njiani kupona, kitunguu kikamkuta barabarani. Nilimweleza. Sijui kama alikubali, ila beseni hajalirudisha.

Nilipoingia sebuleni kuaga, ile makala bado ipo ukutani, karatasi imekuwa ya njano. Nikamwomba mama mkubwa niibandue. Akakataa katakata. "Hiyo ina picha yako, mwanangu." Basi nikachukua kalamu, nikaandika chini yake kwa herufi kubwa: KIDERI HAKIZUIWI NA KITUNGUU SAUMU. CHANJA KUKU. Halafu nikatia sahihi yangu.

Hayo ndiyo masahihisho yangu, yamechelewa miaka mingi. Kama uliisoma makala ile, au una mama, shangazi au jirani aliyeisoma, tafadhali mfikishie. Kitunguu saumu kiendelee kuwachangamsha njiwa na kunogesha pilau. Na wewe mwandishi mwenzangu uliyesoma hadi hapa, kabla hujaituma hiyo makala ya leo, piga simu ya pili.

Tuonane tena, Mungu akipenda.