Kwa Miguu Kutoka Jadida Hadi Mtambwe Mkuu, Pamoja na Wageni Wasiokula Kitoweo

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo wasemavyo wazee wetu, nasi watu wa Pemba twaijua vyema maana yake, kwani siku ya mgeni ndiyo siku ya samaki mkubwa, ya kuku na ya samli, na hata mtoto mdogo wa nyumba hiyo hulala ameshiba. Lakini je, ndugu msomaji, mwenyeji atapona kwa nini iwapo mgeni mwenyewe hali samaki, hali kuku, na samli hataki hata kuinusa?

Suala hilo lilibisha hodi nyumbani kwangu Jadida kwa njia ya barua. Mpwa wangu, ambaye riziki yake imempeleka Ureno, aliniarifu kuwa rafiki zake wawili, mume na mke, wenyeji wa mji wa Lisbon, wangefika Pemba na kukaa nasi siku tatu. Walikuwa ni watu wapendao kuitalii miji ya kale kwa miguu, maana waliamini kuwa aupitaye mji kwa gari huona kuta tu. Walitaka hasa kuuona Mtambwe Mkuu. Kisha mpwa wangu akamaliza kwa onyo: “Mjomba, tafadhali usiwachinjie. Hawali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Hawali chochote kitokanacho na kiumbe chenye roho.”

Barua hiyo ilinifikia jogoo akiwa ameshafungwa chini ya mlimau.

Nilipomsomea mama mkwe wangu, alinyamaza kitambo, kisha akauliza: “Hawa wanakuja kututembelea au wanakuja kutuaibisha?” Nikamweleza kuwa hayo ni mazoea yao, na kwamba hawamkatazi mtu mwingine. Akasema: “Mungu kavihalalisha, wao wanavisusa. Haya, hayo ni yao na Mola wao. Lakini mimi nikiwapakulia wageni wali na kunde bila ya kitoweo, majirani watasemaje?” Nilimkumbusha Mabaniani wa utotoni mwetu, wenye maduka madukani Wete, ambao miaka nenda miaka rudi waliishi kati yetu bila ya kuonja nyama wala samaki, ingawa maziwa na samli walivitumia. Akanijibu papo hapo: “Wale wakijipikia wenyewe, Mwalimu. Hawakuwa wageni wangu.”

Sikuwa na jawabu. Kwetu sisi, kukikataa chakula cha mtu ni karibu sawa na kumkataa mtu mwenyewe.

Wageni walifika, na siku ya pili yake tukaondoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri. Niliwaeleza kuwa neno Jadida kwa Kiarabu lina maana ya kitu kipya, nao wakafurahi kuwa safari ya kuelekea ukale inaanzia penye upya. Mama mkwe wangu alikuwa ameshatangulia tangu jana yake kwa gari, kwenda kwa jamaa yake wa Mtambwe, naye hakuniambia anakwenda kufanya nini.

Njia nzima ilinukia karafuu. Nje ya nyumba nyingi majamvi yalikuwa yametandikwa, na juu yake karafuu zimeanikwa, nyingine bado zina ubichi, nyingine zimeshapiga wekundu wa kahawia. Mgeni wangu wa kiume, ambaye kazi yake ni kusomesha historia, aliuliza mikarafuu hii ina umri gani Pemba. Nilimwambia kuwa asili ya mti huu ni visiwa vya Maluku, na kwamba uliletwa Visiwani kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Kwanza Unguja ndiyo iliyotangulia, lakini mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, ilhali ya Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo karafuu ikawa ni ya Pemba.

Naye akanisimulia mji wao. Lisbon ni mji wa vilima, husemwa kuwa ni saba, na mtu akitaka kuujua ni lazima avipande. Mtaa wao wa kale kabisa huitwa Alfama, na jina hilo lina asili ya Kiarabu, likihusishwa na chemchemi za maji ya moto. Vichochoro vyake ni vyembamba, vina ngazi nyingi na kona zisizotabirika, kama mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja. Tarehe 1 Novemba, 1755, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji huo, likafuatwa na mawimbi ya bahari na moto. Sehemu ya bondeni iliteketea, na ikajengwa upya kwa barabara zilizonyooka, bali Alfama ilisalia kwa sehemu kubwa na umbo lake la kale.

“Na chakula chenu?” nikamuuliza.

Mkewe akacheka. Akasema kuwa mwezi wa Juni, katika sikukuu ya Mtakatifu Antonio, vichochoro vyote vya Alfama hujaa moshi wa dagaa wakubwa wanaochomwa juu ya makaa, na yeye na mumewe hupita katikati ya moshi huo mikono mitupu. Nikatambua kuwa wageni wangu hawakutoka katika nchi ya majani. Walitoka katika mji wa wavuvi kama sisi.

Tuliuteremka mji wa Wete hadi bandarini, tukapata mtumbwi, tukavuka. Mtu aliyezoea kuona ngome na minara atashangaa afikapo Mtambwe Mkuu. Hakuna lango, na wala hakuna mnara. Kuna mashamba, mikoko ufukweni, misingi ya mawe inayochungulia ardhini hapa na pale, na vigae vya vyungu ambavyo mguu huvikanyaga bila ya kujua. Mgeni wangu alivua viatu. Alisema kuwa mji uliolala chini ya udongo lazima uendewe kwa nyayo tupu.

Na mji huo si wa kubuni. Mtaalamu wa jiografia Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, alikiandika kisiwa chetu kwa jina la Jazirat al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na akaitaja miji yake miwili, ambayo wataalamu huitambua kuwa ni Mtambwe na Mkumbuu. Mwaka 1984, watafiti waliochimba Mtambwe Mkuu walipata hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo mno, pamoja na chache za dhahabu. Zile za dhahabu zilitoka katika dola ya Fatimiya. Nyingi za fedha zilipigwa huku huku mwambao, zikiwa na majina ya watawala wa hapa, likiwamo la Ali bin al-Hasan. Hazina hiyo ni ya karne ya 11. Maana yake ni kuwa wakati huo, mahali hapa palipo mihogo leo, watu walihesabu fedha yao wenyewe yenye majina ya wafalme wao wenyewe.

Mgeni wangu alikaa juu ya jiwe akafikiri. Akasema kuwa katika karne hiyo hiyo ya 11, mji wao wa Lisbon nao ulikuwa chini ya Waislamu, hadi mwaka 1147 ulipotekwa na Mfalme Afonso Henriques. “Basi,” akasema, “siku ile sarafu hizi zilipofukiwa, mzee wa Alfama na mzee wa Mtambwe wangeweza kuamkiana kwa salamu moja.” Lisbon uliendelea kuwa mji, na baadaye ukatuma merikebu zilizofika mwambao wetu mwaka 1498, na kuleta madhila tunayoyajua. Mtambwe ukanyamaza. Hakulitafutia jambo hilo maneno matamu, nami nikamheshimu kwa hilo.

Kisiwa cha Mtambwe Mkuu huunganika na nchi ya Pemba maji yanapokupwa. Adhuhuri ilipokaribia tukavuka kwa miguu, matope yakitufika vifundoni, hadi nyumbani kwa jamaa ya mkwe wangu. Moshi wa kuni ulikuwa unafuka uani. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa imelazwa pembeni, na vifuu vimejaa kapu zima. Nikaelewa kwa nini mama yule alitangulia.

Mkeka ulitandikwa uani, nasi sote tukakaa hapo kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Zikaja sinia. Kulikuwa na wali wa nazi, kunde za tui, kisamvu kilichotwangwa kikalainika, muhogo wa nazi, majimbi, na boga lililoiva mpaka likajipasua lenyewe. Ndipo kijana wa nyumba hiyo, aliyetoka baharini asubuhi ile, alipoleta changu wawili wa kukaanga, akawaweka mbele ya wageni kwa fahari yote ya mvuvi.

Uani pakawa kimya. Kijana hakuwa ameambiwa. Mkwe wangu alichukua kawa akawafunika wale samaki, macho yake yakiwa chini, nami nikaiona aibu niliyokuwa nikiihofia tangu siku ya barua.

Mgeni wa kike aliiona pia. Akaniomba nimfasirie. Alisema: “Mwambie Mama kuwa namjua, kwani ana uso wa mama yangu. Kwetu, usiku wa mkesha wa Krismasi kila nyumba hupika samaki mkavu wa chumvi pamoja na viazi na kabichi. Mwaka wa kwanza nilipomwambia mama sitakula samaki wake, alilia. Hakusema neno. Miaka miwili hakunitazama vizuri mezani. Mwaka wa tatu aliniwekea sahani yangu, viazi na kabichi na dengu, akaimwagia mafuta ya zeituni kwa mkono wake. Sikumkataa mama yangu hata siku moja. Lakini ilimchukua miaka mitatu kuamini.”

Niliyafasiri maneno hayo polepole. Mkwe wangu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jambo ambalo, katika miaka yote niliyomjua, sikupata kulisikia kinywani mwake.

Alisema: “Mwambie, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele ulipokuwa adimu Visiwani, nilikuwa na watoto wanne. Nikiwapikia muhogo na majimbi, na siku nyingine ndizi mbichi, nikifunga mlango mchana ili mpita njia asione sinia yangu haina kitoweo. Tukila kama wezi. Mpaka leo nikiona muhogo mtupu nausikia ule mlango. Na yeye ametoka kwao Ulaya, ana fedha ya kununua ng'ombe, amekuja kukaa hapa na kuomba chakula kile kile. Basi kumbe aibu haikuwa katika muhogo.”

Baada ya kusema hivyo alizigawa sinia. Ile yenye samaki alinisogezea mimi na kijana mvuvi, kwani mimi na mkwe wangu, kwa desturi yetu, hatujapata kula sinia moja. Yeye mwenyewe akakaa na wageni, akanawa, akatia mkono katika kunde, akala nao hadi mwisho. Samaki hakumgusa.

Wakati wa kunywa maji ya madafu, maongezi yaligeukia asili ya vile vyakula. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, na pilipili asili yake ni huko huko Amerika, na vyote viwili vilifika Afrika kwa merikebu za Wareno. Naam, merikebu zile zile za Lisbon. Nazi na mpunga vilitoka mashariki, upande wa pili wa bahari. Watafiti waliochunguza mbegu zilizoungua katika magofu ya kaskazini mwa Pemba wamegundua kuwa huko Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, watu walitegemea zaidi uwele, bali huko Chwaka, kuanzia karne ya 11, mpunga ndio uliotawala. Kwa hiyo watu wa enzi ya zile sarafu huenda walikuwa ndio kwanza wanauzoea wali. Bila shaka wao nao walikula samaki, na hakuna anayesema vingine. Lakini mfupa wa samaki haukutueleza mji ulivyobadilika kama ilivyotueleza punje ya mpunga iliyoungua.

Msomaji huenda akauliza iwapo nami nimeacha kitoweo. La hasha. Changu wale niliwala, na walikuwa watamu. Sikuandika haya ili mtu amwachie mvuvi samaki wake waoze. Nimeandika kwa sababu ya ule mlango uliofungwa mchana, kwani naamini katika visiwa vyetu ulikuwa si mmoja.

Tulirejea Jadida jua likiwa linatua. Wageni waliondoka siku ya tatu, wakachukua pakacha la majimbi ambalo sijui walifika nalo wapi. Wiki iliyofuata jirani yetu alipita wakati wa chakula cha mchana, naye mkwe wangu alikuwa barazani na sahani ya muhogo na kunde, mlango uko wazi. Alimkaribisha kwa sauti ya juu.

Na yule jogoo yungali hai chini ya mlimau. Kila nikimkusudia kwa kisu, mkwe wangu huniambia kuwa ameshakuwa wa wageni, na mali ya mgeni haichinjwi.