Pima Sitini

Mjomba alikuwa na mfereji kwenye kidole cha shahada. Ulikuwa mwembamba, umepita juu ya pingili ya kwanza ya mkono wa kulia, na ulichimbwa na nailoni kwa Jumapili za miaka mingi. Siku za kazi kidole hicho kilishika kalamu, maana mjomba alikuwa karani wa reli pale Tanga. Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, kilikuwa cha bahari.

Mtaani kwetu Ngamiani jambo hili lilikuwa la kuulizwa. Samaki Tanga ni kitoweo na ni riziki. Mtu huenda baharini kwa sababu nyumbani hakuna kitu, au kwa sababu baba na babu yake walikuwa wavuvi. Mjomba hakuwa na sababu hizo. Alikuwa na mshahara wake, na samaki hakuuza hata mmoja. Tukirudi tulipita nyumba kwa nyumba, yeye akisukuma baiskeli, mimi nimeshika mtungo wa samaki, na kila mjane na kila mzee alipata wake. Wavuvi wa diko la Deep Sea walimpenda, wakimpa shauri na mara nyingine chambo, lakini walisema wazi kwamba karani anacheza. Yeye hakukataa. Siku moja nilimuuliza kwa nini haendi barazani kucheza bao kama baba za wenzangu. Akanijibu, "Kwenye bao namuona ninayecheza naye, mwanangu."

Nilianza kufuatana naye mwaka 1984, nikiwa na miaka 11. Ilikuwa miaka ya uhaba. Sabuni tuliipanga foleni, sukari tuliipanga foleni, na ndoana nzuri hazikuonekana dukani kabisa. Zake alizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, zimepakwa grisi zisishike kutu, nyingi zikiwa Mustad za Norway alizopewa na baharia mmoja wa meli zilizokuja kupakia katani. Jioni ya Jumamosi alilimwaga kopo juu ya gazeti, tukakaa chini sote wawili, akanifundisha namba. Mtoto hutarajia namba kubwa iwe ndoana kubwa, lakini kwenye ndoana mambo yamegeuzwa: namba 12 ni ya chaa wa ukubwa wa kiganja, namba 6 ni ya changu, na ukishuka ukapita moja ndipo hesabu inapoanza kupanda upya kwa alama ya sifuri, na sasa namba ikikua ndoana nayo inakua. Iliyokuwa butu aliinoa kwa tupa ndogo, kisha akaiburuza taratibu juu ya ukucha wa dole gumba. Ikiteleza, bado. Ikikwama, tayari.

Chubwi alikuwa nazo za aina mbili. Za risasi aliziyeyusha mwenyewe kutoka kwenye betri kuukuu za gari na kuzimimina ndani ya tundu alizochimba kwenye tofali kavu la udongo. Hizo zilikuwa za mchangani. Kwenye mawe, ambako chubwi hukwama na kupotea, alifunga plagi mbovu za pikipiki ambazo fundi wa barabara ya kumi na mbili alimwekea kwenye mfuko. Fundo alilifunga akiwa kimya. Kabla ya kulikaza alilitia mdomoni, akalilowesha kwa mate, ndipo akavuta polepole. Alisema nailoni ikikazwa kavu inajichoma yenyewe kwa msuguano, na pale palipoungua ndipo atakapokatia samaki. Mpaka leo siwezi kufunga kamba yoyote, hata ya viatu, bila kuhisi ladha ya nailoni ulimini.

Na mshipi wenyewe: pima sitini, umezungushwa kwenye kibao alichokichonga kwa kisu. Pima, kwa asiyelelewa pwani, ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, kama mita moja na robo tatu hivi. Kila baada ya pima kumi alifunga uzi mwekundu. Pima sitini zilikuwa nyingi mno kwa mahali tulipovua. Kwenye miamba ya Raskazone, tukikitazama kisiwa cha Toten upande wa pili, pima nane zilitosha. Mkaza mjomba alikuwa akisema nailoni ile ingeanika nguo za mtaa mzima.

Hatukuwa na jedwali la maji. Mjomba aliutazama mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ni bamvua: yanajaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, halafu kila siku yanasogea mbele kwa muda unaokaribia saa moja. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Wenye nyavu walikuwa na mahesabu yao. Mjomba alipenda saa mbili za mwanzo za maji kujaa, pale bahari inapoanza kupanda juu ya mawe yaliyokaa juani na samaki wanaingia nayo kutafuta kilichofichuliwa. Chambo tulikuwa na kamba wadogo kutoka mdomo wa Mkulumuzi, vipande vya ngisi, na kwa ajili ya tasi, ambaye ni mla mwani, tonge la mkate lililokandwa.

Sasa nifike kwenye kidole. Mjomba hakutazama maji. Alilaza mshipi juu ya ule mfereji, akaushikilia kwa dole gumba, akageuza uso upande. Alinifundisha hivyo hivyo, na mwezi wa kwanza sikuhisi ila mawimbi. Kisha siku moja mshipi ukaanza kusema. Tasi hudona haraka haraka, vidogo vidogo, kama mtu anayepiga taipu. Kikande naye hudona, lakini ukivuta hupati kitu, kwa sababu ana mdomo mdogo na meno ya patasi, na keshaisafisha ndoana. Changu huligusa chambo mara mbili, akaacha, ukadhani ameondoka, kisha anashuka nalo kwa kishindo. Mkunga havuti. Anajifunga kwenye jiwe, na ukifanikiwa kumtoa anajiviringisha kwenye mshipi mpaka unakuwa fundo moja kubwa la kamasi ambalo dawa yake ni kisu tu. Ngisi ni uzito usio na mapigo, kama mfuko wa plastiki uliojaa maji. Kabla samaki hajaonekana mjomba alikwisha kumtaja jina, na alikosea mara chache sana.

Siku niliyomvuta tasi wangu wa kwanza nilimshika kwa furaha kama mtu anavyoshika embe. Miiba ya mgongoni ikaingia kwenye kiganja. Maumivu yale hayafanani na ya mwiba wa mti, yanapanda mkono mzima na kugonga kwapani. Mjomba hakunigombeza. Alifungua chupa ya chai, akamimina kikombe, akapoza kwa maji kidogo mpaka akaona naweza kuvumilia, akaniambia nitumbukize mkono. Tukamimina chai yote ile, kikombe baada ya kikombe, na maumivu yakalegea. Sumu ya tasi huvunjwa nguvu na joto, jambo ambalo pwani linajulikana kwa kurithishana na madaktari nao wanalikubali. Siku hiyo tulishinda bila chai, na mkono wangu ulinuka tangawizi mpaka jioni.

Alipenda mambo ya samaki kuliko alivyopenda samaki. Ndiye aliyenieleza kwamba tunaposema mtu ana usingizi wa pono hatusemi ovyo. Usiku pono hujibanza kwenye tundu la mwamba akalala fofofo, na baadhi ya aina zake hutoa ute mdomoni wakajifunika nao mwili mzima kama chandarua. Wazee waliovua usiku kwa mienge walimkuta amelala hivyo, wakamwokota kwa mkono. Alinieleza pia kwamba pono wengi wa buluu na kijani tunaowaona ni madume waliowahi kuwa majike, na kwamba chewa naye huanza maisha kama jike. Nilidhani ananitania. Miaka baadaye nilisoma kitabuni, nikaona ni kweli tupu, nikatamani ningekuwa karibu nimwambie.

Mwezi wa Februari 1986 rafiki yake mmoja wa Deep Sea alituchukua kwenye ngalawa. Kaskazi ilikuwa imelegea na maji yalikuwa safi. Tulipita kisiwa cha Yambe tukatoka nje ya miamba, mpaka mahali ambapo rangi ya bahari inakatika: huku kijani, huku buluu iliyoiva inayokaribia weusi. Hakuna mpaka wa nchi niliouona baadaye uliokuwa wazi kama ule. Mwenye ngalawa akatua tanga. Mjomba akafunga chubwi mbili za risasi pamoja, akachomeka ngisi mzima, akaanza kuachia.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu nyuzi nyekundu. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kwenye wa nne mwenye ngalawa akacheka taratibu akasema, "Hapo hakuna chini, karani." Wa tano. Mkono wa mjomba ulikuwa umenyooka nje ya ubavu wa ngalawa. Wa sita ukapita, kibao kikabaki kitupu, na mshipi ulikuwa bado umesimama wima, mzito, haujagusa kitu. Akakaa hivyo, uso upande, kwa muda ambao mimi mtoto niliuona ni mrefu sana. Hakuna aliyedona. Alipovuta, ngisi alirudi mzima kama alivyoteremka. Mjomba akaishika chubwi, akaniita, akaniwekea shavuni. Ilikuwa baridi kama kitu kilicholala ndani ya mtungi, na sisi tulikuwa juani saa tano ya kaskazi. "Huko chini ni nchi nyingine," akasema. Hakusema zaidi.

Kilichoniondolea raha ya miamba ya nyumbani ni baruti. Nimesikia watu wakielezea mlipuko wa baharini kwa sauti yake. Mimi niliupokea kwa kidole kwanza. Tulikuwa tumekaa kwenye mawe, mshipi umelala mahali pake, mara ukaruka kama umepigwa na rungu, na sauti ikafuata baadaye kutoka mbali, nzito, ya chini. Mjomba alikusanya vyombo bila kusema neno. Baada ya hapo siku nzima hapakuwa na kitu, wala Jumapili iliyofuata. Baruti haichagui. Inaua samaki aliyetakiwa na asiyetakiwa, anayeelea na anayezama akapotea bure, na matumbawe yaliyojengeka kwa mamia ya miaka yanageuka changarawe ambayo hakuna kinachoota juu yake. Sheria ilikataza uvuvi huo tangu 1970, na Tanga iliendelea kutikisika kwa miongo. Nilikasirika nikiwa mtoto na hasira hiyo sijaiacha. Waliofanya hivyo walikuwa wakibomoa nyumba ya watu wasiowajua, na sehemu ya nyumba hiyo ilikuwa yangu.

Nilihamia Dar es Salaam, nikasoma, nikaajiriwa. Mwaka 2005 nilirudi kwa Idi. Mjomba alikuwa amestaafu, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na mshipi ulikuwa juu ya kabati. Nilimletea habari ambazo wavuvi wenzake walizijua kabla yangu, ila nilitaka nimsimulie mwenyewe. Tangu mwaka uliotangulia, wenye majarife ya papa waliokuwa wakitega kwenye kilindi kusini ya mji, upande wa Mwambani na Kigombe, walikuwa wakitoa samaki mkubwa wa rangi ya chuma, mwenye madoa meupe, magamba magumu na mapezi yaliyokaa kama viganja vyenye mikono. Ni silikanti. Wataalamu walimjua kwa alama zake kwenye mawe tu, wakaamini ametoweka pamoja na dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Malindi walimpata mmoja 2001. Halafu Tanga, ndani ya miezi michache, zaidi ya kumi, wengine wenye uzito wa mtu mzima. Nilimwambia pia kwamba jike hatagi, huzaa watoto hai. Hifadhi ya bahari iliyowekwa kwa jina la samaki huyo ilikuja baadaye, mwaka 2009.

Alisikiliza uso upande, kama alivyosikiliza mshipi.

"Kina gani?" akauliza.

"Wanasema mita mia, wengine juu yake, wengine chini yake, mjomba."

Akanyamaza, midomo ikitembea bila sauti. Kisha akaniagiza nimshushie kibao. Nailoni ilikuwa imekakamaa na kuingia manjano. Alianza kuifungua mapajani, akiipitisha juu ya mfereji ule ule, na kila kidole kilipokutana na uzi alisimama. Nyuzi mbili zilikuwa zimeoza, imebaki alama ya fundo tu, lakini aliziona. Mkaza mjomba alikuja na kahawa, akatukuta sakafu imejaa mshipi, akaweka sinia mlangoni akaondoka.

"Huu ni wa sita?"

Nikainama nikautazama. "Wa sita."

Akauzungusha uzi kati ya vidole viwili.

"Basi siku ile tulifika."