Hesabu Niliyompa Dada

Aliyemponza dada yangu kwenye ile nyumba ya Mbagala ni mimi. Dalali alileta habari tu. Hesabu niliipiga mwenyewe, nyuma ya bahasha, barazani kwa dada, naye muuguzi mstaafu akaniamini kwa kuwa mdogo wake ni mhasibu.

Vyumba 8, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka milioni 4.8. Bei milioni 60. Nikagawa, nikapata asilimia 8. "Dada, hii usiiache," nikamwambia. Kiinua mgongo na akiba ya kikoba vikaenda.

Kazi yangu ni vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi. Bosi akinisikia naita mauzo faida, sifiki jioni. Lakini kodi ya wapangaji niliiita faida bila kupepesa macho.

Mwaka ulipoisha dada akaniletea daftari, kimya. Vyumba viwili vilikaa vitupu miezi mitatu mitatu, kwa hiyo kilichoingia kweli ni milioni 4.5. Maji 420,000. Gari la kunyonya choo lilikuja mara tatu, 300,000. Kijana anayefagia na kukusanya kodi, 480,000. Ulinzi shirikishi 60,000. Bati, kufuli na mlango wa choo, 730,000. Hata ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU wapangaji walimdai, na haki yao: 18,000. Zikabaki 2,492,000. Hizo ndizo nilipaswa kuzigawa kwa milioni 60. Ni asilimia 4 na ushee.

Angekuwa na mkopo, marejesho yasingeingia humu. Hilo ni deni la mwenye nyumba, si gharama ya nyumba. Hayo nayajua tangu chuoni. Nilichoshindwa ni kuuliza choo kinanyonywa mara ngapi.

Kinachoniuma zaidi ni bei. Kwa mtu anayetaka asilimia 8, nyumba inayobakiza 2,492,000 ni ya milioni 31. Dada alilipa 60, wala hakuomba kupunguziwa, maana nilishamwambia bei ni nzuri.

Nimemweleza yote, juu ya daftari lile lile. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo nipandishe kodi?"

Nikamwambia watahama. Kimoja cha vile vyumba viwili hakijapata mtu mpaka leo.