Si Kila Kitu ni cha Kupigwa Picha

Desemba iliyopita nikiwa ushago nilimpiga shosho picha akiomba nje ya jikoni, asubuhi, moshi ukipita nyuma yake. Nikaposti. Likes zikamiminika. Cousin wangu akamwonyesha. Shosho hakunigombeza, aliuliza tu, "Hayo maombi yalikuwa yako?" Nikaifuta, lakini swali halikufutika.

Lilinirudia nilipokutana na kazi za Michael Riley, mpiga picha Mwaborijini wa Australia, mtu wa jamii za Wiradjuri na Kamilaroi. Mwaka 2000 alitoa picha 10 alizoziita cloud, yaani wingu. Mara ya kwanza unaweza kusema msee amecheza tu na kompyuta: ng'ombe anaelea angani. Biblia inaelea. Unyoya, boomerang, nzige, sanamu ya malaika. Basi. Hakuna mzee aliyepakwa rangi, hakuna densi ya kufurahisha watalii.

Lakini kaa nazo kidogo. Ng'ombe aliletwa na wakoloni, na mifugo yao ikakanyaga ardhi na kuharibu maji ambayo wenyeji walitegemea. Biblia ilikuja na misheni, na nyingi zilikataza watu lugha na mila zao. Kwa ule unyoya mimi naona roho ambayo haikukubali kufukuzwa. Imani, historia na mazingira, zote kwa anga moja, na hakuna siri ya mtu iliyoanikwa.

Si hivyo ilivyokuwa kabla yake. Miaka ya 1890, Baldwin Spencer na Frank Gillen walipiga picha sherehe za siri za Waarrernte, katikati mwa Australia, na mwaka 1899 wakatoa kitabu. Mambo ambayo kwa mila yalikuwa ya wachache yakawa ya yeyote mwenye pesa ya kitabu.

Leo ukienda Uluru, ule mwamba mkubwa mwekundu, kuna sehemu zenye vibao vya kukuomba usipige picha. Wenyewe, Waanangu, wanasema mambo ya sehemu hizo yanafaa kuonwa pale pale tu. Yaani, ukitaka kuona, fika.

Najua kuna mtu atasema ukiomba ruhusa kila mahali utakosa shots kali. Ni kweli, utakosa. Mimi nimekosa kadhaa tangu Desemba. Lakini Riley hakuhitaji kumvua mtu heshima ndiyo picha iwe kali, na ng'ombe wake bado ananisumbua kuliko portrait yoyote ya "mzee wa kienyeji" niliyowahi kuona.

Aprili nilirudi ushago, safari hii nikauliza kwanza. Shosho alikataa nipige maombi. Akanipa kiti chake, kile anachokalia akiomba, akaingia ndani kupika chai. Hiyo picha ndiyo bora nimewahi kupiga. Sijaiposti.

Na wewe, ni picha gani kwa simu yako ungefuta ukiulizwa swali la shosho?