Turubai la Pikapu

Kila msimu wa mavuno wenye pikapu hunijia hapa ofisini kwa parokia kuniuliza wanunue turubai gani. Mimi hujibu: tazameni mzigo kwanza, bei baadaye.

Turubai la plastiki ni jepesi, wala maji hayapenyi. Lakini halipitishi hewa. Mahindi yasiyokauka vizuri, gari likikwama njiani siku mbili, hutoa jasho chini yake na kuota ukungu. Ukungu wa namna fulani huleta sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Basi kausheni kwanza shambani.

Turubai la kitambaa kizito cha pamba hupitisha hewa. Likinyeshewa, nyuzi huvimba na kuziba matundu. Ila ni zito, tena likikunjwa bichi huoza. Lianikeni.

Lolote mtakalochagua, lizidi bodi pande zote, lifungwe kwa kamba imara.

Lakini watu wasifunikwe kwa turubai lolote. Moshi wa gari huvutwa ndani, nao huua pasipo kelele. Wazazi, msikubali watoto wenu wapakiwe hivyo, hata mvua ikinyesha.