Siku mbili za herufi m

Juma lililopita kalasi ya kwanza ilisoma herufi m. Siku ya kwanza ni sauti tu, midomo imefungwa. Kesho yake ma, me, mi, mo, mu. Kisha watoto wanaunga: mama, mimi. Ijumaa wanaandika kwenye kibao. Hesabu ilikuwa 6: tunapanga vijiwe, 5 na 1, 4 na 2, 3 na 3.

Mtoto mmoja alianza vizuri, halafu akapotea kabisa. Nikamwita mzembe. Nilikosa. Mama yake alinieleza: siku ya soko mtoto anabaki kulinda mdogo wake, kesho yake wanaenda wote mtoni kuosha mchanga wa dhahabu. Hakuwepo siku ya ma na mi, angeungaje mama?

Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini unga si wa bure. Sikumwambia mama aache mto. Tumepatana tu kwamba siku ya soko mdogo atalindwa na jirani.

Huyo mama anasema hakusoma. Lakini mafungu ya sombe anayahesabu haraka kuliko mimi! Sasa jioni anamuuliza mtoto: "Yalikuwa 6, nimeuza 2, yamebaki mangapi?" Alhamisi hii mtoto alijibu kalasini bila kugusa vijiwe. Ma na mi bado tunazifuata.